Soma Karatasi ya Bima Ungali Mzima

Ukurasa huu wa afya umezoea kuzungumza nanyi juu ya malaria, maji ya kunywa, lishe ya watoto na chanjo. Mwezi huu tunaomba tuzungumzie karatasi. Wengine watauliza: karatasi na afya vinahusianaje? Jibu ni kwamba siku hizi watu wengi hufika hospitalini na kadi ya bima mkononi, na nyuma ya kila kadi ipo karatasi inayosema nani atibiwe, wapi, tangu lini hadi lini na kwa shilingi ngapi. Karatasi hiyo ikiwa na kosa, kosa hilo hujitokeza mapokezini, mgonjwa akiwa amelala kwenye benchi. Hapo ndipo familia huanza kupiga simu kwa ndugu na kuuliza bei ya ng'ombe.

Kosa lilelile lingeonekana miezi mitatu kabla, lingerekebishwa kwa barua moja. Hilo ndilo tunalotaka kulisema mwezi huu: karatasi ya bima yafaa isomwe siku inapopokelewa, watu wote nyumbani wakiwa wazima.

TULIKOTOKA

Wazee wetu wanakumbuka kwamba mwaka 1993 Serikali ya Tanzania ilianza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama katika hospitali zake. Tangu hapo suala la fedha limekuwa sehemu ya matibabu. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio wilayani Igunga, ambapo kaya ilitoa mchango wake mapema ili itibiwe mwaka mzima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, kwanza kwa watumishi wa umma. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Upande wa kampuni nako kumebadilika. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya bima ilishikwa na Shirika la Bima la Taifa peke yake kwa miaka mingi. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua tena mlango kwa kampuni binafsi. Leo mwalimu wa shule binafsi, mfanyakazi wa kiwanda, dereva wa kampuni na hata mfanyabiashara wa duka anaweza kuwa na bima ya matibabu, ama yake mwenyewe ama ya kikundi kupitia kwa mwajiri.

Jambo hili ni jema. Lakini wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Bima nayo ni mali, na daftari lake ni ukurasa wa muhtasari.

UKURASA HUO NI UPI?

Mtu akikata bima ya matibabu kwa kampuni, aghalabu hupewa vitu vitatu. Cha kwanza ni kadi, ambayo huonyeshwa hospitalini. Cha pili ni kijitabu cha masharti, chenye maandishi madogo na kurasa nyingi. Cha tatu ni karatasi moja au mbili zenye jina lako, namba ya bima, majina ya wategemezi, tarehe, viwango vya fedha na ada uliyolipa. Hiyo ya tatu ndiyo tunayoiita ukurasa wa muhtasari. Wengine huiita jedwali la bima.

Kijitabu cha masharti huwa ni kilekile kwa wateja wote wenye bima ya aina moja. Ukurasa wa muhtasari ni wako peke yako, nao ndio unaoonyesha yale masharti yanakuhusu wewe kwa kiasi gani. Ndiyo maana makosa mengi ya kuandika hupatikana hapo. Karani anayeingiza majina ya wafanyakazi mia mbili kwa siku moja anaweza kuruka mstari.

Kama bima yako ni ya kupitia kwa mwajiri, huenda karatasi hiyo imebaki ofisini kwake. Muombe nakala kwa heshima, au walau uombe kuonyeshwa sehemu inayohusu familia yako. Na aliye katika mfuko wa umma hana budi kuhakikisha taarifa zake za uanachama kwa njia hiyohiyo, maana majina na tarehe hukosewa kokote.

Karatasi nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Si aibu kutokuzielewa. Mwite mwalimu au kijana wako wa sekondari akusomee mstari kwa mstari, nawe umweleze maana ya yale tunayoyataja hapa chini.

1. MAJINA NA TAREHE ZA KUZALIWA

Anza na majina. Watu wetu wengi wana majina zaidi ya moja: jina la ubatizo, jina la ukoo, jina alilotumia shuleni, na kwa akina mama, jina la mume. Cheti cha ubatizo kikisema Yohana, kitambulisho kikisema John, na karatasi ya bima ikisema Johnson, karani wa mapokezi ana haki ya kuuliza kama ni mtu mmoja. Chagua jina lililo kwenye kitambulisho cha Taifa na ulitumie hilohilo kila mahali. Kwa watoto, tumia jina la kwenye cheti cha kuzaliwa.

Kisha tazama tarehe ya kuzaliwa. Kwa mwenye namba ya NIDA, upo ukaguzi rahisi. Namba hiyo ina tarakimu 20, na tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa kwake. Aliyezaliwa tarehe 5 Juni 1978, namba yake huanza na 19780605. Linganisha na tarehe iliyoandikwa kwenye bima. Zikitofautiana, moja ina kosa.

Hesabu watu. Kama mko sita nyumbani na karatasi ina majina matano, tafuta nani hayupo. Yafaa kuangalia hasa watu wa namna mbili. Wa kwanza ni mtoto aliyezaliwa katikati ya mwaka. Mtoto mchanga haingii kwenye bima kwa sababu tu mama yake yumo. Kampuni huweka muda wa kumwandikisha, na muda huo ukipita huenda akasubiri hadi mwaka mpya wa bima. Wa pili ni kijana anayekua. Kila bima huweka umri ambao mtoto hukoma kuwa mtegemezi. Uliza umri huo ni upi, na kama kuna nafuu kwa kijana aliye bado masomoni.

2. SIKU YA KUANZA NA SIKU YA KWISHA

Bima ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na milango yote miwili ina tarehe. Siku uliyolipa siyo lazima iwe siku ya kuanza. Soma tarehe iliyoandikwa.

Hapa tunaomba mtazame na saa. Karatasi nyingi hutumia saa za kizungu. Ikiandikwa kwamba bima inakwisha tarehe 31 Desemba saa 23:59, maana yake ni dakika moja kabla ya saa sita usiku wa kuamkia Mwaka Mpya. Mtoto akipata degedege alfajiri ya tarehe 1 Januari, na bima haijahuishwa, hana bima. Asubuhi hiyo ofisi nyingi zimefungwa. Kwa hiyo usingoje siku ya mwisho. Weka alama kwenye kalenda mwezi mmoja kabla.

3. KIPINDI CHA KUSUBIRI

Baadhi ya huduma hazianzi siku ile bima inapoanza. Kampuni huweka kipindi cha kusubiri ili watu wasikate bima wakati tayari wako mlangoni mwa hospitali. Kipindi hiki hutumika sana kwa uzazi, kwa upasuaji usio wa dharura, na kwa magonjwa aliyokuwa nayo mtu kabla ya kuingia.

Tuchukue mfano wa uzazi. Tuseme bima inaanza tarehe 1 Machi, na kipindi cha kusubiri kwa uzazi ni miezi 10. Basi haki ya kujifungua kwa bima inaanza tarehe 1 Januari ya mwaka unaofuata. Mama anayejifungua tarehe 20 Desemba atalipa mwenyewe, ijapokuwa ana kadi na ametoa ada yote. Ni heri wazazi wajue jambo hili mapema, wakaanza kuweka akiba kidogo kidogo tangu kliniki ya kwanza, kuliko kulisikia wodini.

Jihadharini pia na pengo. Mtu akiacha bima ikafa kwa miezi miwili kisha akairudia, aghalabu hesabu ya kusubiri huanza upya. Anayehuisha kwa wakati haipotezi miezi aliyokwisha kusubiri.

4. VIWANGO VYA FEDHA

Hii ndiyo sehemu inayosomwa haraka na kueleweka vibaya. Mtu huona tarakimu kubwa, shilingi 5,000,000, akafurahi. Yafaa ajiulize maswali mawili.

Swali la kwanza: je, kiwango hiki ni cha kila mtu au cha familia nzima? Tuseme familia ya watu watano ina 5,000,000 za kulazwa kwa familia nzima. Mwezi wa Februari baba anafanyiwa upasuaji wa 3,800,000. Zinabaki 1,200,000 kwa wote watano hadi mwaka uishe. Mwezi wa Agosti mtoto anaanguka kutoka juu ya mwembe na kuvunjika mguu, matibabu yanafika 1,700,000. Familia italipa 500,000 kutoka mfukoni. Kama kiwango kingekuwa cha kila mtu, mtoto angetibiwa bila kulipa hizo. Tofauti yote hiyo imebebwa na neno moja tu kwenye karatasi.

Swali la pili: je, viwango vidogo viko ndani ya kile kikubwa au juu yake? Karatasi inaweza kuandika wagonjwa wa nje 800,000, na chini yake miwani 100,000 na meno 150,000. Mara nyingi hizo za miwani na meno ziko ndani ya zile 800,000. Usizijumlishe ukadhani una 1,050,000.

Angalia pia huduma isiyo na tarakimu. Kama mstari wa uzazi una kistari au sifuri, huduma hiyo haukuinunua. Nafasi iliyoachwa wazi usiijaze kwa matumaini. Iulizie.

5. SEHEMU UTAKAYOLIPA MWENYEWE

Bima nyingine hutaka mgonjwa achangie kidogo kila anapotibiwa. Mchango huo unaweza kuwa asilimia au fedha maalumu. Kama ni asilimia 10 na matibabu ni 240,000, utatoa 24,000. Kama ni 5,000 kwa kila mara, familia inayokwenda zahanati mara 20 kwa mwaka itatoa 100,000. Si kosa kuchangia. Bima za namna hii huwa na ada nafuu. Kosa ni kutokujua, ukafika na mgonjwa bila hata shilingi.

6. MAGONJWA YA AWALI, NA UKWELI

Sasa tunafika mahali pagumu. Kabla ya kupewa bima, mtu hujaza fomu ya maswali: Una kisukari? Una shinikizo la damu? Mtoto ana pumu au selimundu? Umewahi kufanyiwa upasuaji? Wakati mwingine fomu hii hujazwa na wakala, naye kwa haraka ya kupata mteja huandika "hapana" toka juu hadi chini, kisha akakupa uweke saini. Wakati mwingine ni sisi wenyewe tunaoficha, tukiogopa ada isipande.

Ndugu zangu, saini ni yako. Bima imejengwa juu ya uaminifu wa pande zote mbili. Msingi huu ni wa zamani: mwaka 1766 huko Uingereza, jaji Lord Mansfield aliueleza katika kesi ya Carter na Boehm, akasema kwamba anayeomba bima hujua mambo ambayo mtoa bima hayajui, hivyo hapaswi kuyaficha, na mtoa bima naye hapaswi kuficha ayajuayo. Mahakama nyingi duniani zimeujenga uamuzi wao juu ya neno hilo.

Matokeo yake ni haya. Mgonjwa wa kisukari aliyeandikwa "hana ugonjwa" anaweza kutibiwa mafua na malaria mwaka mzima bila swali. Siku anapolazwa kwa kidonda cha mguu, daktari anaandika kwenye faili kwamba ana kisukari cha miaka minane. Kampuni inasoma, inalinganisha na fomu, nayo inaweza kukataa kulipa. Mgonjwa huyo amelipa ada kwa ajili ya siku ambayo haikumsaidia.

Kwa hiyo uombe nakala ya fomu uliyoijaza, ikae pamoja na ukurasa wa muhtasari. Ukikuta jambo lisilo kweli, lisahihishe, hata kama kosa hilo linaonekana kukupendelea. Huenda ada ikaongezeka, au ugonjwa huo ukawekewa kipindi cha kusubiri. Lakini utajua unasimama wapi.

Pembeni ya hayo, soma orodha ya mambo yasiyogharamiwa kabisa. Mara nyingi humo huwemo matibabu ya urembo, na katika bima nyingi matibabu ya nje ya nchi. Kama una mgonjwa wa kudumu nyumbani, tafuta ugonjwa wake katika orodha hiyo kabla ya jambo lingine lolote.

7. HOSPITALI GANI?

Kadi haifungui kila mlango. Kila bima ina orodha ya hospitali, vituo vya afya na maduka ya dawa yaliyo na mkataba nayo. Tafuta kwanza kituo kilicho karibu na nyumbani, kile unachoweza kukifikia usiku kwa bodaboda. Kama ni hospitali ya misheni ya wilayani kwenu, hakikisha jina lake limo. Orodha yenye hospitali kumi za Dar es Salaam haimsaidii mama wa kijijini ambaye kwenda mjini ni safari ya siku nzima.

Orodha hizi hubadilika. Mwezi Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi nchini zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF kutokana na mvutano juu ya kitita kipya cha huduma na bei zake. Wanachama waliofika kama walivyozoea walilazimika kutafuta kwingine au kulipa fedha taslimu. Hivyo basi, piga simu na kuuliza kila baada ya miezi michache, na uwe na kituo cha pili akilini.

Uliza pia kuhusu idhini. Vipimo vikubwa na upasuaji uliopangwa huhitaji kibali cha kampuni kabla ya kufanyika. Namba ya simu ya kuomba kibali huwa kwenye kadi au kwenye muhtasari. Iandike ukutani, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuisoma.

8. ADA NA RISITI

Mwisho, linganisha ada iliyoandikwa kwenye muhtasari na fedha ulizotoa. Kama ulimpa wakala 600,000 na karatasi inasema 480,000, uliza. Lipa kwa njia inayoacha alama, uchukue risiti yenye jina la kampuni, na uhakikishe karatasi ina namba ya bima, saini na muhuri. Wakala wa kweli hukasiriki kwa kuulizwa kibali chake. Kampuni, mawakala na madalali wa bima wote husajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA, na mwananchi ana haki ya kuuliza huko kama fulani yumo kwenye orodha.

JIONI MOJA INATOSHA

Kazi hii yote haizidi jioni moja. Tunashauri baba na mama wakae pamoja mezani, taa ikiwa nzuri, wakiwa na ukurasa wa muhtasari, vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na risiti ya ada. Mmoja asome, mwingine aweke alama kwa kalamu. Kilicho sahihi kipewe alama ya vema. Kisichoeleweka kipewe alama ya kuuliza. Kilichokosewa kizungushiwe duara.

Mama asiachwe nje ya kazi hii. Mara nyingi yeye ndiye anayebeba mtoto kwenda hospitalini, na baba yuko safarini. Kama mama hajui kadi iko wapi wala kituo gani kina mkataba, bima hiyo ni ya baba peke yake.

UKIKUTA KOSA

Usiridhike na ahadi ya mdomo. Andika barua fupi, hata ya mistari mitano: namba ya bima yako, jina lako, kosa lililopo, usahihi wake, na nakala ya cheti cha kuthibitisha. Mathalani: "Mtoto wangu wa tatu ameandikwa kuwa amezaliwa mwaka 2011. Cheti chake, ambacho naambatisha nakala, kinaonyesha mwaka 2017. Naomba mrekebishe na kunipa karatasi ya marekebisho." Ipeleke mwenyewe au kwa mwajiri wako, na uombe nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Baada ya wiki mbili fuatilia. Shauri limekwisha pale tu utakapopewa karatasi mpya yenye maneno sahihi.

Kampuni ikikataa jambo ambalo unaamini ni haki yako, omba sababu kwa maandishi. Kisha unaweza kupeleka malalamiko yako TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Huko watakuuliza karatasi. Mwenye faili lililopangwa vizuri husikilizwa upesi.

MGONJWA KWANZA

Yapo maneno ambayo hatupendi msomaji ayasahau. Ikiwa mtoto ana degedege, ikiwa mama mjamzito anatoka damu, ikiwa mtu hawezi kupumua au amepoteza fahamu, usikae nyumbani ukitafuta kadi, wala usimvushe mgonjwa kituo cha karibu kwa sababu hakimo kwenye orodha. Malaria kali inaweza kumuua mtoto mdogo ndani ya saa 24. Nenda palipo karibu. Mwambie karani kwamba mna bima, na mtu mwingine ashughulikie simu na kibali.

Kama mtalazimika kulipa fedha taslimu, tunzeni risiti zote, karatasi ya daktari na majibu ya vipimo. Bima nyingi hurudisha gharama za dharura kama madai yatapelekwa ndani ya muda uliowekwa. Muda huo ni mstari mwingine wa kuutafuta jioni ile mnapokaa mezani.

MASWALI YANAYOULIZWA

Je, nikikosea umri wangu kwa mwaka mmoja tu kuna ubaya gani?

Ada ya bima nyingi hutegemea umri, na kadi hulinganishwa na kitambulisho. Mwaka mmoja unaweza kukuweka kwenye kundi jingine la ada au kuleta mashaka juu ya nani hasa mwenye kadi. Rekebisha.

Nina bima ya mwajiri. Nikiacha kazi, kadi itaendelea hadi mwisho wa mwaka?

Usidhani hivyo. Katika bima nyingi za kikundi haki huisha ajira inapokwisha, hata kama kadi imeandikwa tarehe ya mbele. Uliza kabla ya kuondoka, na uulize kama unaweza kuendelea kwa ada yako mwenyewe bila kuanza upya kusubiri.

Mzazi wangu mzee anaweza kuingia?

Inategemea bima. Soma orodha ya wanaoruhusiwa kuwa wategemezi na umri wa juu wa kuingia. Kama haruhusiwi, ni afadhali kujua sasa na kumtafutia njia nyingine kuliko kumpeleka na kadi ya mtu mwingine. Kutumia kadi ya mwingine ni udanganyifu. Tena ni hatari kwa tiba yenyewe, maana daktari atasoma historia ya mwenye kadi na kumpa mgonjwa dawa kwa kuifuata historia isiyo yake.

Ndugu wasomaji, chanjo hutolewa kabla ya ugonjwa, na chandarua hutundikwa kabla ya mbu kuingia. Karatasi ya bima nayo isomwe namna hiyohiyo. Kabla ya toleo lijalo, itafute pale ilipowekwa, iwe ni kabatini, chini ya godoro au kwenye bahasha ya vyeti, uisome na mwenzi wako mstari kwa mstari. Pale penye duara la kalamu, andika barua wiki hiyohiyo.